Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: anayesafishwa damu msimnyime mafuta

Kwa Waziri wa Afya, kwa Mganga Mkuu wa Serikali, kwa Taasisi ya Chakula na Lishe, kwa wenye mifuko ya bima na kwa kila mganga mfawidhi mwenye mashine za kusafisha damu kwenye hospitali yake,

Shikamooni wakubwa, na mlio rika langu habari za kazi.

Mimi ni mama lishe, nauza chakula Temeke, na baba watoto figo zake zimekufa, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, masaa manne kila akiunganishwa. Hospitali siitaji mana shida sio ya hospitali moja, tunaosubiri wagonjwa wetu pale nje kwenye benchi tunaongea na wengine wamehamia kutoka vituo vingine na hadithi ni ile ile. Nina jambo moja tu. Watu wetu wanakondeana kwenye mashine kwa njaa, njaa kabisa, na hiyo njaa tunaipika wenyewe majumbani kwa kutii maagizo mliyotupa, na agizo linaloniuma kuliko yote ni lile la "acha mafuta".

Kuna karatasi mgonjwa anapewa akianza. Ya kwetu ilikuwa fotokopi ya fotokopi, herufi nyingine hazisomeki, ila nilichosoma ni hivi: epuka ndizi, machungwa, parachichi, nyanya, viazi, mchicha, maharage, karanga, korosho, maziwa, dagaa, nyama nyekundu, kiini cha yai, soda nyeusi, chumvi, na chini kabisa kwa herufi kubwa EPUKA MAFUTA. Upande wa pili mweupe, hakuna kitu. Nikabaki najiuliza huyu mtu ale nini sasa, hewa? Na mimi kazi yangu ni chakula, nalisha watu kila siku, je yule mama ambaye hajui hata potasiamu ni nini anafanyaje? Nitawaambia anachofanya, anapika ugali mweupe na kabichi chukuchuku, asubuhi mchana jioni, na anaona anampenda mumewe.

Sisemi makatazo yote ni ya uongo, tusielewane vibaya. Figo zikishakufa potasiamu, yale madini ya kwenye matunda na mboga, haina pa kutokea, inakaa kwenye damu, ikipanda sana moyo unasimama ghafla, hapo hakuna mjadala, na madafu ambayo huku kwetu kila anayekuja kumjulia hali mgonjwa anaona ndio zawadi ya maana ndio hatari yenyewe. Fosforasi, nayo ni madini, inakula mifupa taratibu na kuifanya mishipa ya damu iwe migumu, na ile wanayoongezea viwandani kwenye soseji na soda nyeusi inaingia mwilini karibu yote wakati ya kwenye maharage inayoingia ni kidogo kuliko hiyo, sasa hilo la maharage nalo hamtuambii, mnatupigia marufuku vyote sawa sawa. Chumvi inaleta kiu, kiu inaleta maji, maji yanaingia kwenye mapafu. Yote nayakubali.

Ila mafuta yamefanya nini?

Mafuta ya kupikia hayana potasiamu. Hayana fosforasi. Hayana chumvi, hayana hata tone la maji. Karanga yenyewe ina potasiamu na fosforasi kibao lakini ukishaikamua, mafuta ya karanga hayo mambo hayana tena, yamebaki kwenye mashudu. Alizeti hivyo hivyo, ufuta hivyo hivyo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, vijiko vitatu ni kalori 360 ambazo ndio sawa na gramu 100 za unga wa sembe, na mgonjwa hajaongeza potasiamu hata chembe wala hajajaza tumbo lake lililokataa chakula. Kwenye hiyo karatasi yenu nzima mafuta ndio kitu pekee ambacho figo haina ugomvi nacho, na ndio kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kiachwe!

Nadhani najua kilichotokea, mtu alichukua lile bango la presha na kisukari la kila zahanati, punguza mafuta punguza chumvi fanya mazoezi, akalibandika juu ya orodha ya figo bila kuwaza. Kwa mtu mnene mwenye presha bango lile ni sahihi. Kwa mtu wa kilo 58 ambaye ulimi wake unasikia ladha ya chuma na anakula vijiko vitano anasukuma sahani, ni balaa.

Halafu kuna hili la uji. Kila mtu akija nyumbani anasema mpe uji wa lishe, na nyie mnausifia kwenye redio, uji una karanga, una soya, una unga wa dagaa, yaani kila kitu kilichokatazwa kwenye karatasi kimesagwa pamoja, na juu yake ni maji matupu, wakati baba watoto mkojo hautoki na maji yake ya siku nzima namhesabia kwa kikombe. Vikombe viwili vya uji keshamaliza nusu ya maji yake na kalori zenyewe hata hazijafika popote. Chapati moja ya kusukuma, ile ya kukunja na mafuta ndani, inampa kalori za kutosha na maji yake ni kidogo tu.

Nije kwenye protini mana huku ndiko watu wanaumia kimya kimya. Kabla hajaanza mashine tuliambiwa apunguze protini, na kweli wataalamu wanasema hivyo, ule mwongozo wa Marekani wa lishe ya figo wa mwaka 2020 unasema mgonjwa ambaye hajaanza kusafishwa na hana kisukari abaki kwenye gramu 0.55 hadi 0.6 kwa kila kilo ya uzito. Akishaanza mashine mambo yanageuka, mwongozo ule ule unasema gramu 1.0 hadi 1.2, yaani karibu mara mbili, kwa sababu kila akisafishwa kuna gramu 6 hadi 12 za amino asidi, zile ambazo ndio protini yenyewe imevunjwa, zinaondoka na maji ya mashine. Mtu wa kilo 60 anatakiwa ale gramu 60 hadi 72 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kipande cha samaki cha gramu 100 kina 20 na kitu. Hesabu ugali na kabichi unafika wapi.

Nani alituambia mambo yamegeuka? Hakuna. Tumeendelea na masharti ya zamani miezi na miezi, mgonjwa anaona fahari kabisa "mimi nyama nimeacha", na sista anamsifia.

Na protini bila kalori ni kazi bure, hili binti yangu anayesomea famasi ndio alinifafanulia tukiwa tunamenya vitunguu. Mwili ukikosa nguvu unaichoma ile protini kama kuni, yai umenunua kwa shida limeishia kuwa moto badala ya kujenga msuli, na lisipotosha unaanza kuchoma msuli wenyewe. Mgonjwa wa kusafishwa anahitaji kalori 25 hadi 35 kwa kila kilo, kwa kilo 60 ni 1,500 mpaka 2,100 kwa siku. Utazitoa wapi kama matunda mengi hamna, viazi hamna, uji ni maji, karanga hamna, na sukari mwenye kisukari haruhusiwi? Zinabaki wanga na mafuta. Mkimnyang'anya mafuta mmembakiza na wanga mtupu, ambao kwa mwenye kisukari nao una kesi yake.

Sasa niwaeleze jinsi mtu anavyokonda mbele ya macho yenu na mzani wenu. Kila siku ya mashine baba watoto anapanda kwenye mzani, anasafishwa, anapanda tena, inaandikwa 61. Wiki hii 61, mwezi ujao 61, kila mtu anafurahi uzito mkavu, yaani uzito wake maji ya ziada yakishatolewa, umekaa pale pale. Mimi nyumbani nimetoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari wa moto. Presha wanampimia mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto una fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili mashine ichomekwe, na kile kitambaa cha kupimia ambacho mwanzo kilikuwa kinafika kwa shida nikaona sasa kinazunguka kinapita kinarudi upande wa pili, mkono umebaki fito. Kwa hiyo zile kilo zimetoka wapi? Ni maji! Nyama inaondoka, maji yanachukua nafasi yake, mzani haujui tofauti. Akaanza kukohoa usiku, analala amekaa, miguu ukibonyeza kidole kinaacha shimo, ndio daktari mmoja kijana akamwangalia vizuri akasema huyu hana kilo 61, akashusha uzito mkavu kidogo kidogo mpaka kikohozi kikaisha. Huyo daktari Mungu ambariki. Lakini ilibidi mtu azidiwe ndio aangaliwe mkono, na kupima mkono ni futi ya fundi cherehani tu, haihitaji umeme wala mtaalamu kutoka nje.

Na albumini je? Ni protini ya kwenye damu, ina kipimo chake, na inajulikana dunia nzima kwamba mgonjwa wa mashine ambaye albumini yake iko chini yuko kwenye hatari kubwa ya kufa kuliko mwenzake, sawa najua inashuka pia kwa sababu ya uchochezi mwilini, yaani mwili kuwaka ndani, na sio njaa peke yake, lakini si angalau ipimwe mara kwa mara na mgonjwa aambiwe? Sisi tunaambiwa kreatinini, ile taka ya damu wanayopimia figo, na wingi wa damu, basi. Albumini tulilipia mfukoni maabara ya mtaani.

Najua mtanijibu moyo. Mtasema wagonjwa wa kusafishwa wanakufa kwa magonjwa ya moyo kuliko kitu kingine ndio mana tunawakataza mafuta. Ni kweli wanakufa kwa moyo. Ila kwa hawa watu kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu, haifanyi kazi kama kwa mimi na wewe. Ujerumani waliwapa dawa ya kushusha kolesteroli, atovastatini, kwenye utafiti wa wagonjwa 1,255 wa mashine wenye kisukari, majibu yakatoka 2005, kolesteroli ilishuka vizuri sana lakini vifo vya moyo na mshtuko wa moyo na kiharusi ukivijumlisha havikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Watafiti wengine wakarudia na dawa nyingine ya aina hiyo kwa wagonjwa 2,776 majibu yakatoka 2009, yale yale. Ndio mana mwongozo wa 2013 wa KDIGO, shirika la kimataifa la wataalamu wa figo, ukasema mgonjwa aliyeshaanza mashine msimwanzishie hizo dawa, aliyekuwa anazitumia tangu zamani aendelee. Na watafiti wameona kwa miaka kwamba kwenye mashine mwenye kolesteroli ya chini sana na mwembamba ndiye anayetangulia kufa, kwa sababu mara nyingi kolesteroli kuwa chini ni dalili kwamba mtu hali na mwili unawaka ndani. Sijasema kolesteroli ni nzuri, msije mkanitafutia kesi. Nasema kama dawa yenyewe imeshindwa kuwaokoa, ile kabichi chukuchuku itawaokoaje?

Mafuta gani basi. Hapa naongea kama mpishi. Alizeti kutoka Singida na Dodoma ni mazuri, mengi ndani yake ni yale yasiyoganda. Ufuta na karanga mazuri, bei ndio mtihani. Mawese karibu nusu yake ni yale yanayoganda, nazi ni zaidi sana, kwa hiyo sio ya kumwagia kila siku, na tui la nazi lina potasiamu yake pia, sio kama mafuta yaliyokamuliwa. Samli kidogo kwa hamu. Mabaya kabisa ni mafuta yaliyochoka, yale meusi ya kukaangia chipsi toka juzi yanatoa povu na yanakaba koo, na hayo jamani yapo kila kona na sisi wauza chakula tunajijua, afisa afya akipita tunaficha. Kama mnataka herufi kubwa kwenye karatasi wekeni hapo.

Namna ya kupika hamjatuambia pia. Mimi mboga naikatakata ndogo, naichemsha kwenye maji mengi, namwaga yale maji yote mana potasiamu nyingi imetokea humo, halafu naikaanga kwa kitunguu na vijiko viwili vya alizeti. Wali ukishakauka namalizia na kijiko cha mafuta juu. Mayai namkaangia, kiini kimoja na ute wa mayai matatu, kwa sababu fosforasi karibu yote iko kwenye kiini. Chumvi kidogo sana, ndimu na tangawizi zinaficha. Toka nianze hivyo anamaliza sahani, chukuchuku alikuwa hamalizi na mimi namgombeza eti anadeka.

Samaki nao waandikeni vizuri. Vibua wabichi wa soko la Feri wana mafuta yale mazuri, ng'onda ni chumvi tupu, dagaa anayeliwa na mifupa yake fosforasi inapanda. Karatasi inasema "dagaa" basi, mtu anaelewa samaki wote. Na hapo kwenye samaki kuna habari ambayo sijui kama imefika mezani kwenu, mwishoni mwa 2025 ulitoka utafiti uliofanyika Kanada na Australia kwa wagonjwa wa mashine zaidi ya 1,200, nusu walipewa mafuta ya samaki gramu 4 kila siku, nusu wakapewa mafuta ya mahindi, na waliopewa ya samaki matukio makubwa ya moyo yalipungua kwa asilimia 43. Arobaini na tatu! Zile ni kapsuli za dozi maalumu, kibua kimoja cha Jumamosi sio dawa, na sitaki mtu asome hapa akimbilie dukani akanunue kikopo chochote wakati anachomwa hepari, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwenye mashine bila kumuuliza daktari wake. Lakini nyie ndio wa kutuambia, mmeusoma? Bohari ya Dawa inaweza kuleta hizo kapsuli? Bima itazigusa? Mana huu ni ushahidi wa mafuta kusaidia moyo wa mtu wa mashine, moyo ule ule mliotumia kutukatazia mafuta.

Siku ya mashine yenyewe sasa. Anatoka nyumbani kumi na moja alfajiri hajala, foleni, anaunganishwa, masaa manne, anachomolewa kichwa kinazunguka, daladala, anafika anaanguka kitandani mpaka jioni. Siku tatu kwa wiki mtu anakula mlo mmoja tena wa kulazimishwa. Pale kwetu kula ukiwa kwenye mashine marufuku, na sababu ninaijua, kuna wanaoshuka presha wakila na kuna hatari ya kupaliwa, sawa. Lakini kuna nchi kama Ujerumani ambapo wagonjwa wengi wanakula kwenye mashine na maisha yanaenda, kwa hiyo sio amri kutoka mbinguni, ni suala la kumchagua nani presha yake imetulia anaweza kupewa mayai mawili na kipande cha chapati saa ya kwanza, na nani asubiri mpaka achomolewe apewe pale pale kabla hajaingia kwenye daladala. Mimi na wenzangu wa benchi tuko tayari kupika tukielekezwa, hatuombi serikali ilete bufee.

Ninachotaka ni afisa lishe kwenye kila kitengo cha kusafisha damu, awe pale pale kwenye mashine, sio yupo jengo lingine anashughulika na watoto wenye utapiamlo na sisi tunaandikiwa rufaa ya kwenda kumtafuta. Wanafunzi wa lishe wanahitimu Chuo Kikuu cha Sokoine kila mwaka na wengine wako mtaani wanauza vocha. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote 2023, basi humo kwenye vitita vyenu mgonjwa wa mashine aandikiwe afisa lishe na albumini kama anavyoandikiwa ile awamu ya kusafishwa yenyewe, ambayo ukilipa taslimu imewahi kufika laki mbili, mnalipia mashine kwa gharama yote hiyo halafu mtu anafia kwenye utapiamlo, hiyo hesabu mimi wa sufuria tu nimeikataa. Na mliposhangiliwa Novemba 2017 Muhimbili ilipopandikiza figo ya kwanza, na Dodoma wakafuata 2018, na sisi tulishangilia, ila mtu aliyebaki mifupa kidonda chake cha upasuaji kitapona lini hata ndugu akimpa figo?

Karatasi ile Taasisi ya Chakula na Lishe iandikeni upya, kwa Kiswahili cha jikoni, yenye vyakula vya hapa na vipimo vya kijiko na kikombe, na iwe mbili tofauti, moja ya ambaye hajaanza mashine na nyingine ya aliyeanza. Hiyo ya pili iseme wazi mafuta kiasi gani kwa siku. Na la kula kwenye mashine mtoe mwongozo mmoja nchi nzima, kama ni hapana kwa wote basi mtuandikie na sababu.

Mama lishe,
Temeke, Dar es Salaam